Mama Alinishtaki kwa Mungu

Tangu niwe mtu mzima, mama yangu hajawahi kunigombeza. Nikikosea hanisemi wala hanuni. Ananipakulia ugali kama kawaida na kuniuliza kama chumvi ya mboga imetosha. Kesho yake alfajiri anapiga magoti kando ya kitanda chake na kunisema kwa Mungu, kwa sauti. Nyumba yetu ya Igoma haina dari. Kuta za vyumba zimeishia usawa wa kenchi, na juu ni bati moja linalotufunika wote, hata mtu akipiga chafya chumbani kwake mwenzake anamwambia pole. Kwa hiyo kila neno ambalo mama alimpelekea Mungu lilipitia kwangu kwanza.

"Bwana, jana amerudi giza limeshaingia. Wewe unajua alikotoka. Mimi ni mama tu, sijui kitu."

Hajui kitu! Mimi nimejilaza pale, shuka nimelivuta hadi kidevuni, namsikia anavyojifanya mjinga mbele ya Mwenyezi Mungu, na asubuhi ananiletea chai mezani na kuniuliza nimelalaje. Nilikuwa natamani, kweli nilitamani, siku moja anizabe kofi kama mama wa watu wengine, tumalizane.

Kosa lenyewe nilieleze, maana hata halikuwa kosa bado. Nilikuwa nimefunga ndoa kanisani. Mume wangu alikwenda machimboni Geita kutafuta dhahabu akapata mwanamke, na huko ana nyumba, ana watoto, anaitwa baba. Mimi sikubahatika kupata mtoto. Nikarudi kwa mama na sanduku langu, nikaanza kuuza mchele pale barabarani. Lakini kwa kanisa mimi bado ni mke wa yule bwana, na nitakuwa mke wake mpaka mmoja wetu azikwe. Padri alinieleza kwa upole kabisa. Alisema nitaendelea kukomunika bila shida yoyote, ilimradi nikae peke yangu. Siku nitakayohamia kwa mwanamume mwingine, Komunyo nimeiaga. Nikamjibu, sawa baba. Wakati huo sikuwa na mtu, na sawa ilikuwa rahisi kuisema.

Halafu akaja fundi.

Alikuwa na kibanda cha kuchomelea mageti na madirisha ng'ambo ya barabara, akitazamana na meza yangu. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya yetu, na ukikaa mabenchi ya mbele ile sauti ulikuwa unaisikia hadi kwenye mbao. Alianza kwa kununua mchele wangu. Siku ya pili akaurudisha.

"Dada, mchele wako una mawe."

"Hii ni Mwanza, fundi. Ukitaka usio na mawe hamia Shinyanga."

Akacheka mpaka akavua ile miwani yake nyeusi ya kazi. Kuanzia hapo akawa anakuja kila siku kuniambia ameng'oka jino. Sikuwa nimetaniwa na mwanamume kwa miaka, na mtu asiyetaniwa anakauka, mimi nawaambia. Tulikuwa tunaongea mchana kweupe, meza ikiwa katikati yetu, mimi napepeta na yeye amesimama. Sana sana alinisindikiza jioni hadi kwenye kona ya kwetu. Hakunigusa. Tuliitana fundi na dada hadi mwisho, kwa sababu ya masikio ya watu.

Kwaresma ilipoanza akaniambia neno lake. Alikuwa na kiwanja Kisesa, ameshasimamisha vyumba viwili, bado mlango. Alitaka nichague nakshi ya mlango huo. Nikachagua majani, matawi mawili yanayokutana katikati. Akasema ataanza kuukata, na baada ya Pasaka nikisema ndiyo atautundika na tutaingia wote siku moja. Nikisema hapana, basi. Hakunibembeleza. Alijua Komunyo ni kitu gani kwangu, kwa sababu yeye mwenyewe angenyimwa pia, na kwaya angetolewa.

Kabla ya hapo alikuwa ameshakuja nyumbani mara moja, kuchomelea komeo la dirisha la mama. Mama alimpokea kama askofu. Chai ya maziwa, karanga, karibu baba, Mungu akubariki baba, mikono yako ina baraka. Alfajiri iliyofuata nikasikia huko upande wa pili: "Bwana, shetani amekuja na mashine yake ya kuchomelea. Amekunywa kwenye kikombe changu." Nilizika uso kwenye mto. Sijui nilikuwa nacheka au nalia, na sikutaka mama asikie chochote kati ya hivyo viwili.

Msidhani mimi nilikuwa sisali. Nilisali kuliko yeye, ila sikuwa na mahali. Ndani ya nyumba sala yangu ingemfikia mama kabla ya Mungu, kama ya kwake ilivyonifikia mimi. Kwa hiyo nilikuwa napanda kule kwenye majabali juu ya mtaa, wanakopanda watu wa madhehebu yote kuomba. Mnajua palivyo. Kila jiwe lina mtu wake, huyu anakemea mapepo, yule ananena kwa lugha, mwingine anamkumbusha Mungu habari za kiwanja chake, na kwa kelele zile hakuna anayemsikia mwenzake. Ziwa linaonekana kwa mbali limelala tu. Nilikuwa nasimama pale na kusema wazi: Bwana, namtaka huyu mwanamume. Nakutaka na wewe. Usinichagulishe, nitachagua vibaya. Nikanyamaza nisikie. Nilichosikia ni yule wa jiwe la jirani akikemea pepo la umaskini.

Basi nikawa nashuka, na kesho yake alfajiri nasikiliza tena kesi yangu.

Ila kulikuwa na sehemu moja ya sala za mama niliyokuwa naisubiri. Akishamaliza kunishtaki kwa Kiswahili alikuwa anashusha sauti na kuingia Kisukuma. Kisukuma mimi sikijui. Baba yangu alikuwa Mkerewe, nyumbani tulikulia Kiswahili, na zaidi ya salamu na maneno ya sokoni sina kitu. Nilikuwa nashika neno moja tu, ng'wana, yaani mtoto, linarudi na kurudi. Na sauti ilikuwa nyingine kabisa, laini, ya kubembeleza, ya mtu anayefunika mtoto nguo. Nikajiambia, hapo sasa ndipo ananiombea. Kule kwa Kiswahili ni hasira, huku ni mama. Tangu Kwaresma ianze niliishi kwa ile sauti. Kuna siku nilikaribia kabisa kumwambia fundi hapana kwa ajili yake, kwamba mama anayeniombea hivi sitamvunja moyo.

Katikati ya Kwaresma mama mdogo akaja kutoka Magu kutibiwa macho mjini. Ni mdogo wake mama wa kuzaliwa, mkulima wa pamba, mtu asiyezunguka maneno. Alilala chumbani kwa mama kwa juma zima. Asubuhi moja mama ametoka kuchota maji, sisi wawili tuko uani tunachambua mchele wangu, yeye amekaa tu maana macho yana dawa, nikaona nimuulize.

"Mama mdogo, hivi mama huwa anaombaga nini pale anapoingia Kisukuma?"

"Kwani hujui?"

"Nitajuaje na hamkunifundisha."

Akafuta jicho kwa kona ya kanga. "Anaomba Mungu akuchukue kabla hujaanguka. Ufe ukiwa safi."

Nilishika ungo. Nikamuuliza anasema nini, akarudia vilevile, neno kwa neno, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi. Akaongeza: "Ni sala nzuri tu. Mama yetu alituombea hivyo hivyo sisi wasichana, kila mmoja. Dada yetu mkubwa alikufa kabla ya kuolewa, na bibi yako alishukuru."

"Alishukuru?"

"Alishukuru. Alilia, akashukuru. Haya, toa hilo jiwe hapo, naliona hata mimi kipofu."

Nilitoa lile jiwe. Nikaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Nilikuwa nimejifunika na ile sauti asubuhi zote hizo.

Mama aliporudi na ndoo zake sikungoja atue vizuri. Nilimfuata jikoni. Mama, unaniombea nife? Nilitegemea atakana. Nilikuwa tayari kabisa kuamini akikana, nilishamwandalia hata maneno, kwamba mama mdogo amesinzia akasikia vibaya.

Akafunika ndoo kwa sinia. "Ndiyo."

"Mama."

"Unataka nani akuombee hivyo kama siyo mimi? Watu wa barabarani wanakutakia maisha mazuri kwa sababu hawajali utakwenda wapi baadaye. Mimi nimekuzaa. Ningekuwa nakuchukia ningekuombea umri mrefu, uzeeke na huyo fundi wako huko Kisesa, mfe mmetengwa, nikutazame unaungua. Nakupenda, ndiyo maana." Kisha akaniangalia kama mgonjwa. "Umekula?"

Huyo ndiye mama yangu. Niliwahi kusikia watu wakisema mama zao ni wakali, nikawaonea wivu.

Siku chache baadaye, Jumamosi, ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya. Kwa wasiotujua, jumuiya ni majirani Wakatoliki wa mtaa mmoja, kila Jumamosi asubuhi wanakutana kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanasali. Tulitandika mikeka uani. Watu wakajaa, kina mama wengi, wazee wawili watatu, na fundi hakuwepo kwa sababu jumuiya yake ni ya upande wa pili wa barabara. Somo likasomwa. Ikafika sehemu ya kuomba, ambapo kila mwenye nia anaitoa kwa sauti na wote wanaitikia. Hapo ndipo watu wa mtaa wetu wanapochinjana. Huwezi kumsema jirani yako, ni dhambi, lakini kumwombea unaruhusiwa, na ukiomba vizuri kila mtu atajua ni nani na amefanya nini.

Mama akaanza, ndiye mwenye nyumba. "Tumwombee dada yetu mmoja, ameachwa na mume, sasa anajaribiwa na chuma cha ng'ambo ya barabara. Bwana amlinde."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia, na vichwa vyote vimeinama, na macho yote yako kwangu.

Mwenyekiti wetu, mama mmoja muuza vitenge, akadaka hapo hapo. Akaniombea nisahau tamaa za mwili. Mwingine akaniombea nikumbuke mawe niliyokuwa napanda kusali, kwamba Mungu hadanganywi. Mwingine, huyu nilikuwa nampimia mchele na kumwongezea kila mara, akamwombea marehemu mke wa fundi asiyaone haya huko aliko. Kila mmoja akipita, twakuomba utusikie. Waliitikia bila kusikiliza, kama tunavyoitikia sisi wote, mdomo umeshazoea.

Nikainua kichwa. Nikasema: "Na mimi nina nia. Mama yangu ana sala moja anayoniombea kila alfajiri kwa Kisukuma. Naomba Bwana aijibu upesi."

"Twakuomba utusikie."

Uani pote, kwa pamoja, kwa moyo safi. Mwenyekiti alinitazama kwa macho ya kuridhika, kwamba sasa binti amenyenyekea. Mama mdogo, aliyekuwa kwenye kigoda ukutani, alishika mdomo. Mama yangu aliitikia na wenzake, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Niliisikia. Ilikuwa imetangulia za wengine.

Hapo ndipo nilipoamua. Watu wanaonifahamu wanadhani nilishinda majaribu kwa nguvu ya sala, mwenyekiti amenitolea mfano mara nyingi, na siku ya kina mama nilisimamishwa mbele nikapigiwa makofi. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nikikwenda Kisesa, mama amekuwa na haki. Nikifa, mama amejibiwa. Nikaona njia ya kumkomesha ni moja tu, niishi, na niishi safi, niamke kila alfajiri mzima kama ng'ombe na dhambi sina, asikie nikikohoa upande wa pili wa ukuta na ajue bado. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo kule juu kwenye majabali. Sikumpamba. Sijui kama sala ya namna hiyo inapokelewa, lakini kwa matokeo nadhani ilipokelewa.

Pasaka ikapita. Nilimfuata fundi kibandani kwake, mara ya kwanza kuvuka ile barabara kwa ajili yake. Mlango ulikuwa umeegemezwa nje, umeshapigwa rangi ya kwanza. Majani yalikuwa yametoka vizuri kuliko nilivyoyafikiria. Alikuwa amekata kila moja kwa mkono. Nikaona nikiyatazama sana nitashindwa.

"Fundi, hapana."

Akavua miwani. "Ni Komunyo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeelewa, ni mtu wa kanisa, angeumia kwa heshima. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshakaa na mama yangu miaka mingi.

"Ni mama. Sitaki ashinde."

Akafuta miwani kwa kitambaa kichafu kuliko miwani yenyewe. "Yaani mimi siko hata kwenye hiyo mechi yenu," akasema.

"Hauko."

"Basi sawa, dada."

Nikavuka barabara, nikakaa kwenye meza yangu, nikapima mchele mpaka jioni. Kila nikiinua macho yuko palepale, amenipa mgongo, cheche zinaruka. Hakurudi tena kuniambia habari ya jino. Mchele akawa ananunua kwingine, na mimi nilikuwa naona kila mara akipita na mfuko.

Aliendelea kuwa peke yake kwa muda. Halafu akaoa msichana wa Magu, ndoa ya kanisani, mbele ya wote, na kwaya yake ikamwimbia. Mama alivaa kitenge kipya na alipiga vigelegele kuliko mama wa bwana harusi. Baadaye akaenda na kina mama wa jumuiya kuwapa pongezi huko Kisesa, mimi nikasema nina homa. Aliporudi aliniambia nyumba ni nzuri, bibi harusi mnyenyekevu, mimba imeshaanza kuonekana. "Na mlango," akasema, anavua viatu, "mlango ule una majani mazuri sana. Ungeuona."

Nilikwenda kulala. Nilikuwa nimebaki na mama yangu. Komunyo ninayo, kila Jumapili napanga mstari na napokea, na kwa upande huo sina deni na mtu. Naamini Mungu yupo pale ninapopokea. Mwili wangu ninao mwenyewe, haujaguswa tangu mume aondoke, na mikono inanuka pumba. Niliusubiri usingizi kwa hasira ileile, maana nayo haikuondoka, nilidhani nikishinda itaondoka.

Alfajiri mama akaamka. Nikasikia magoti yake sakafuni, yamekuwa mazito siku hizi. Nikajua ataanza na Kiswahili, atanishtaki kwa homa ya uongo, kisha atashusha sauti. Lakini hakunishtaki. Hakuingia Kisukuma. Alisema kwa Kiswahili safi, taratibu, uso wake nadhani ameugeuzia ukutani kwangu, maana sauti ilikuja imenyooka:

"Bwana, nakushukuru, hatari imepita. Mpe mwanangu umri mrefu."

Nilikaa kitandani. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye tundu za misumari ya bati. Nilikumbuka ndoo, na sinia, na alichosema jikoni juu ya umri mrefu, na alivyoniuliza kama nimekula, na nikajua na yeye anakumbuka. Hakusema amina, alikuwa upande wa pili anasubiri.

"Twakuomba utusikie," nikaitikia, kwa sauti ya kumfikia.